Nyota Mbili Zisizopatana

Malindi,
Ijumaa usiku.

Kwako kaka yangu Chengo,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu nililelewa, si kwa sababu unastahili. Natumai u mzima, na mafriji ya baa za Mtwapa yanaendelea kuharibika ili usikose kazi. Mimi sijambo ila koo, ambalo nimelikausha kwa kukugombeza peke yangu jikoni. Nyumbani Gede ni salama, isipokuwa baba, na habari zake utazipata humu humu. Trizah mkeo najua hajambo kwa sababu tunaongea kila wiki, na ukitaka kumfokea kwa hilo, anza na mimi.

Naandika kwa mkono kama watu wa zamani kwa kuwa umenifungia simu. Nilipopiga kwa laini ya jirani, ulisikia neno "baba" tu ukakata. Mwanamume mzima na ndevu zako, unakimbia neno! Karatasi ichane ukitaka, lakini isome kwanza mpaka mwisho.

Nikwambie kilichonitibua. Shuleni kwetu Bwana Okoth anawafunza kidato cha tatu mchezo wa Wayunani wa kale, wa tamasha la maigizo. Aliniomba nimsaidie na lile kundi la wazee ambao kazi yao katika mchezo ni kusimama kando na kulia kwa pamoja. Nikakubali, sikujua najiingiza wapi. Ndani yake kuna mfalme anayeambiwa na miungu kwamba mwanawe atamuua. Basi anamtupa mtoto. Mtoto analelewa mbali, wanakutana ukubwani njiani, hawajuani, wanagombana, na lililosemwa linakuwa. Bwana Okoth akawaeleza wanafunzi kwamba kwa Wayunani hata miungu haikuweza kuyakwepa yaliyopangwa, na huo ndio utamu wa mchezo.

Nikamuuliza mbele ya darasa, utamu gani? Nikamwambia mtoto yule angelelewa kwao, akachapwa na baba yake, akabembelezwa na baba yake, angempiga vipi njiani asimjue? Miungu ilisema tu, waliofanya kazi yote ni watu. Bwana Okoth akanijibu kwa upole kwamba sijauelewa mchezo. Mimi! Nikabwaga kitabu mezani nikatoka, na wanafunzi wakabaki wakidhani nimepandwa na pepo.

Nisiuelewe vipi, Chengo, na mchezo ule ni nyumba yetu?

Wewe unayajua kwa vipande, kwa hiyo nitayapanga. Ulipokuwa unaanza kusema, baba alishikwa na homa isiyoisha, akawa hawezi kupanda mnazi kugema. Baba mdogo Lewis akampeleka kwa mganga, ramli ikapigwa. Ati nyota ya mtoto wa kwanza ni nzito kuliko ya baba yake, hazipatani, na wakizidi kula sahani moja na kulala chini ya paa moja, mtoto atamwingiza baba kaburini. Hakuna aliyeuliza hospitali iko wapi. Ukafungiwa vinguo vyako ukapelekwa Mariakani kwa shangazi Kadii. Homa ikaisha, kama homa zinavyoisha, na baba mdogo akazunguka kijiji kizima akitamba.

Halafu ile likizo uliyomtoroka shangazi ukaja mwenyewe, kijana wa darasa la nane. Ulikuta watu wamemzunguka baba chini ya mnazi, uso umejaa damu, nyonga imevunjika. Baba mdogo akakunyooshea kidole mbele ya umati, akasema si niliwaambia, huyu amekanyaga tu na tazameni. Hukuruhusiwa hata kusogea. Ulirudi mbio ulikotoka, na hukufika tena. Mama tulipomzika, ulisimama barabarani na mashada ya watu wengine yakakupita. Nilikuona. Sijawahi kukusamehe, na sijawahi kumsamehe aliyekufanya usimame pale.

Nina hasira na wote. Nina hasira na mganga, ambaye alikula kuku wetu akalala usingizi. Nina hasira na baba mdogo, ambaye mpaka leo anasema koma wa ukoo, mizimu ya wazee wetu, ndio walionena. Koma gani hao, wasio na kazi ila kutenganisha watu? Hata Mungu wa kanisani nimemwambia yangu, na ninajua amesikia.

Lakini wewe ndiwe unayenichemsha damu. Mwanao umempa jina gani? Dzombo, jina la baba, kama mila yetu inavyotaka kwa kifungua mimba wa kiume. Trizah ananiambia kila asubuhi unamwita "baba", unamuuliza baba umeamkaje, unapiga magoti kumvisha viatu. Yaani baba wa miaka mitatu unampigia magoti, na baba aliyekuzaa unamkatia simu! Na kama nyota hizo unaziamini kweli, huyo mdogo utampeleka Mariakani lini? Nijibu hapo.

Sasa habari za baba. Jicho la kushoto limekwisha kufa, ni presha ya macho. Daktari wa hapa Malindi amesema la kulia nalo linakwenda, dawa zinachelewesha tu, na kabla ya mwaka kwisha huenda asione kitu. Nilidhani atalia. Aliuliza tu kama kutoka Gede hadi Mtwapa ni mbali.

Usiku huo alikuwa kwangu. Nikamwambia jina la mjukuu wake, maana hakuwa akilijua. Akaniomba nilirudie. Nikalirudia. Ndipo akaniambia jambo ambalo hata mama hakulijua.

Siku ile alipoanguka hakuteleza, Chengo. Alikuwa juu anagema, akaona kijana anakuja na njia ya shambani, na akakujua kwa mwendo, kwa sababu unatembea kama mama. Akakupungia. Alikupungia kwa mikono miwili, mtu aliye juu ya mnazi! Alinieleza huku amejifunika uso kwa kofia yake, akisema furaha ilimsahaulisha yuko wapi. Hakumwambia mtu, maana baba mdogo angepata ushahidi kwamba ramli imetimia, na wewe usingefika Mariakani salama. Akanyamaza miaka yote, nawe ukaibeba nyonga yake kama dhambi yako.

Nikafoka. Nikamwambia basi umeona, ramli ni uongo mtupu, wala hamna nyota. Unajua alinijibu nini? Alisema yeye anaiamini. Anaamini kabisa kwamba akikaa nawe atakufa. Lakini maisha marefu aliyopewa kwa kukukosa wewe, alisema, hayajamfaa kitu, na afadhali uso wako siku moja halafu lije linalokuja. Nilienda nje nikapiga ndoo teke.

Usimgombeze Trizah. Ndiye aliyepanga nasi siku na saa ukiwa umekaa nyumbani, na ndiye aliyefungua mlango. Mimi niko kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara, kwa sababu ungeniona mimi ungeshatorokea dirishani.

Mzee aliyekukabidhi barua hii, akasema ametumwa na atangoja majibu, hakutumwa na mtu. Nilimwomba asikutajie jina lake mpaka ufike mstari huu, na ameahidi. Jicho la kulia bado linaona, mwanga ukiwapo. Washa taa, inua uso, umwache akutazame mpaka atosheke. Ukitaka kukimbia, yeye ndiye aliyeketi karibu na mlango, itabidi umruke.

Msalimu Trizah sana, na mtoto mwambie shangazi yake anamuulizia. Mungu awe nanyi humo ndani, kama ana aibu.

Mimi dada yako, mwenye hasira na mapenzi,
Kanze