Asante ya Punda Imepakwa Kijani

Mpendwa mama,

Nimechoka. Ulizoea kuniambia kwamba mtu wa kukaa kwa kiti hawezi kuchoka, huku ukinionyesha vidole vyako vilivyokakamaa kwa baridi. Nakubali. Lakini macho nayo huchoka, na moyo pia, na tangu tukuzike naamka nikiwa nimechoka vilevile nilivyolala.

Kazi yangu hukuielewa kamwe. Mara ya mwisho nilipojaribu kukueleza, ulikuwa mlangoni pa chumba chetu cha Karagita ukikata sukuma wiki. Nikakwambia kampuni ya maua imenunua programu ya kompyuta inayosoma kila kitu watu wanachoandika kutuhusu mtandaoni. Sifa huzipaka kijani, malalamiko huyapaka nyekundu, nami humpelekea meneja ripoti kila asubuhi. Ulicheka mpaka ukaweka kisu chini.

"Kwani ulienda college kusomea umbea?"

"Mathe, si umbea. Ni PR, kulinda jina la kampuni."

"Haya basi. Umbea wa mshahara."

Nakumbuka pia siku waliyokuachisha kazi katika kampuni hii hii, mimi nikiwa bado shuleni. Miaka yote hiyo ulikuwa umesimama paki hausi ukichambua waridi za kusafirishwa, hadi vidole vikakataa kukunjika. Walikupa shada la kukuaga. Ulilitazama mara moja tu ukajua ni maua ya rijekti, yale yale uliyokuwa ukiyatenga kwa mikono yako kwa sababu yamepinda shingo. Hata hivyo uliyatia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, ukayawekea maji, ukasema, "Asante ya punda." Hukumalizia kwamba ni mateke. Karagita nzima hakuna anayemalizia.

Mashine ndiyo haijui hivyo. Wiki iliyopita nilimwambia meneja kwamba wafanyakazi wanatushukuru, kijani kimejaa. Alifurahi, akaagiza keki. Nilikuwa nimeshakula kipande changu ndipo nikafungua zile jumbe nizisome mwenyewe. Asante ya punda. Asante ya punda. Asante ya punda. Wanawake wa paki hausi walikuwa wakilalamika kwamba wanaingia chumba cha baridi bila majaketi, na mashine iliona asante ikaridhika. Niliona aibu, mama. Mimi mtoto wa nyumba ile, nikaiachia mashine inisomee maneno yako.

Mmoja wao ni Mama Otieno, rafiki yako aliyekaa nawe hospitalini hadi mwisho. Anatumia jina la uongo, lakini anaandika jinsi anavyoongea: "Sisi tunaganda huku, wao wanapuliza chai. Asante ya punda." Ningemjua popote.

Nilipomweleza meneja kosa langu, hakuuliza habari ya majaketi hata kidogo. Aliuliza, "Ni akina nani hao? Wewe ni wa Karagita, unawajua. Niletee majina kesho."

Nikimtaja Mama Otieno, atarudi nyumbani na shada lake. Nisipomtaja, naipoteza kazi uliyoniombea kwa kufunga kila Ijumaa, hata ulipokuwa huna nguvu za kufunga. Nilitamani sana uniambie la kufanya. Halafu nikakumbuka ule mkebe dirishani, na jinsi ulivyokataza mtu yeyote kuyatupa yale maua mpaka yakauke yenyewe.

Leo asubuhi nimeandika ripoti. Nimesema majaketi hayapo na malalamiko ni ya kweli. Mahali pa majina nimeweka jina moja, langu. Kisha nikaingia mtandaoni, kwa jina hilo hilo ulilonipa, nikaitaja kampuni na kuandika yale maneno yako matatu.

Meneja bado hajaniita. Pumzika, mama, usihangaike kuniombea, uliomba vya kutosha. Mashine imeshanisoma.

Imenipaka kijani.

Kifungua mimba wako