Sogea Kidogo, Mama

Mdogo wangu Projest,

Uko salama? Sisi wazima, ila nina hasira nawe, na kwa kuwa huku mtandao unasumbua, zisome kwenye kadi hii.

Ile simu mpya uliyonipa nimletee Mama ilishika vizuri mpaka Muleba mjini. Hapa kijijini inashika sehemu moja tu, kwenye migomba ya chini, pembeni ya kaburi la Baba. Jana ulipompigia kwenye simu yake ya zamani ukitaka mwonane kwa video, Mama aliacha senene kikaangoni akakimbilia huko na mvua yote ile. Ukamwambia, "Picha inaganda, sogea kidogo." Akasogea. "Kidogo tena, Mama." Akapanda juu ya kaburi! Nikampigia kelele ashuke. "Waitu, tafadhali niache," akasema, "mwanangu ananitafuta."

Senene wote wakaungua.

Kitochi chake cha zamani kinashika hadi jikoni, na kinamtosha. Hilo lisimu lako narudi nalo Dar. Mama anakusalimu, anasema ule ushibe. Nami nakupenda, ndiyo maana nakugombeza.

Baba ulimzika kwa video. Njoo umwone Mama kwa macho.

Dada yako,
Jovina