Cherehani Namba Nne

We mwenzangu, uko? Nimejifungia chooni kazini, cheti mkononi.

Bosi kaniita mbele ya mafundi wote. Miaka tisa nashona hapa, leo ndiyo napongezwa. Akasema, "Mfanyakazi bora ni Cherehani Namba Nne!"

Cherehani! Namba ya mashine ninayoshonea. Na kwenye cheti kaandika hivyohivyo.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikakipokea hivyohivyo.

Mara yule mama wa kupiga pasi, ambaye hafunguagi mdomo, akasimama. "Ana jina huyo, bosi." Akalitaja, langu na la baba. Eti hulisoma kwenye kifuniko cha bakuli langu la chakula.

Wala silii. Nimekaa tu.

Miaka tisa namwita Mama Pasi. Jina lake silijui.