Nozeli Mbili Zisizo Zangu

Jumanne, 4 Machi

Leo saa tano na dakika arobaini asubuhi nimepoteza njia ya maabara, ya kukusanya damu za vipimo zahanati saba. Kazi ya miaka sita! Imekwenda kwa dakika kumi na moja.

Niandike sasa. Kituo cha tatu kati ya saba. Nimezima injini, nimeingia zahanati, nimechukua boksi la damu, nimetoka. Dakika nne tu. Gari haliwaki. Stata inazunguka vizuri, betri nzima, inazunguka, inazunguka — wapi! Nesi dirishani akaniuliza kama gari limeshiba.  Lilipopoa kidogo likawaka. Halafu otomatiki ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu — gu! Kama nimegongwa na lori. Mirija ikalia boksini.

Damu ikishatoka mkononi mwa mtu ina saa mbili. Ya kituo cha kwanza niliifikisha kwa saa mbili na dakika kumi na moja. Mkuu wa maabara hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivaa glavu, akatupa mirija thelathini na nane ya kituo hicho kwenye pipa jekundu, mmoja mmoja, macho kwangu. Akasema watu thelathini na wanane watachomwa tena, na mmoja ni mtoto wa siku tano, je, nitamwambia mama yake mimi?

Njia kapewa mtu wa pikipiki kwa muda. Mimi nina mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi: niende na gari zima na karatasi ya fundi. Na isiandikwe "limetengenezwa", amesema. Anataka kujua kosa ni nini na limetoka wapi.

Jumatano, 5 Machi

Kwa Fundi Pole. Tunamwita hivyo kwa sababu hata ukipeleka tairi lenye upepo mdogo, kwanza atakupa pole kama umefiwa.

Amesema ni plagi za kupasha moto. Nikamwambia hapana. Nimepima kwa saa ya simu:

Asubuhi, injini baridi: sekunde moja na nusu.
Moto, limesimama dakika nne: sekunde kumi na moja, mara nyingine haliwaki kabisa.
Moto, dakika kumi: sekunde kumi na nne.
Limesimama saa mbili: sekunde tatu.

Plagi zingekufa, lingesumbua asubuhi. Hili linasumbua likiwa na joto! Akakuna kichwa. Eti mimi nina maswali kama trafiki. Basi tufungue giaboksi, hicho kishindo ni giaboksi imekwisha. Nikamwambia akiigusa namwita polisi. Magonjwa mawili yaanze wiki moja, kwenye gari lisilowahi kunisumbua? Daftari langu la gari linasema kilomita 212,480 lilikuwa sawa. Kilomita 212,655, Februari 15, nimeandika: "limechelewa kuwaka kituo cha tano". Chini yake: "gia inagonga". Siku moja!

Fundi hakunitazama usoni leo. Nimeliona hilo, nimeliweka.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi. Nimekaa juu ya ndoo karakana ya watu kama mtu aliyepigwa na radi.

Nimekwenda kwa fundi wa pampu za dizeli, mama mmoja mwenye miwani kwenye kamba. Karakana yake ni safi kuliko jiko langu. Hakusema pole. Alilizungusha gari mpaka likapata moto, akafunga vichupa vinne kwenye mirija ya kurudishia dizeli, kimoja kila nozeli, ile pua ya kupulizia dizeli ndani ya injini, akanipa saa nimshikie. Dakika mbili. Tukasoma pamoja, kwa mililita:

18. 61. 19. 66.

Hata mtoto angeona. Mbili nzima, mbili zimekwisha. Akanieleza taratibu. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya palipochakaa, inarudi tangini badala ya kuingia kwenye injini. Msukumo haufiki, kompyuta inakataa kuwasha. Ikipoa inakuwa nzito kidogo, inashikika, gari linawaka. Na gia? Akacheka. Giaboksi yako haina kosa, mwenzangu, inadanganywa! Injini inaitumia habari kwamba ina nguvu mia, kumbe inazo themanini. Giaboksi inabana kwa nguvu za mia. Ndiyo hicho kishindo.

Nikashusha pumzi. Kosa moja! Halafu akafuta vichwa vya nozeli kwa kitambaa, akainama, akaniuliza hizi mbili nilinunua wapi.

Sijanunua nozeli. Sijawahi.

Kila nozeli ina namba kichwani, na namba hiyo huingizwa kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta ina namba nne. Ya kwanza na ya tatu zinalingana na vichwa. Ya pili na ya nne hazilingani. Nikafungua daftari, ukurasa wa siku niliyonunua gari — niliziandika zote, watu wakanicheka. Daftari na kompyuta ni kitu kimoja. Hizi mbili ni za gari jingine!

Nani kafungua boneti yangu? Tangu Desemba mara moja tu, Februari 13, kubadilisha oili. Siku ile nilikuwa kitandani na homa. Kitinda akasema, dada pumzika, nalipeleka mimi.

Kitinda. Mdogo wangu. Niliyemsomesha. Mwenye gari kama langu, toleo lile lile.

Nilimshukuru kwa simu mara mbili!

Ijumaa, 7 Machi

Nimemkuta Fundi Pole chini ya gari. Nikamsomea namba miguuni. Akatoka polepole. Nilitegemea aibu — ameshangaa kuliko mimi! "Si mlikubaliana, dada?"

Kitinda alipeleka magari yote mawili siku ile. Lake lilikuwa na nozeli mbili mbovu, likizimwa njiani halirudi, na ndani ana watoto wa shule ishirini na wawili. Akamwambia fundi kwamba dada amesema tuazimane: mbili zake mbovu ziende kwangu, zangu nzuri zikae kwake mpaka mwezi wa nne. Fundi akauliza, dada hatapata shida? Kitinda akamwambia maneno haya, nayaandika yalivyo: "Dada njia yake fupi. Kituo hapa, kituo pale. Hata nusu injini inamtosha."

Njia fupi! Anayewasha asubuhi akaendesha moja kwa moja mpaka shuleni anawasha mara moja, tena baridi. Mimi nawasha mara nane kwa siku, saba injini ikiwa moto! Angetafuta kwa tochi gari la kuliumiza kwa nozeli zile asingepata jingine. Miaka kumi na moja kwenye usukani na hajui!

Na fundi? Hana mashine ya kuingiza namba. Alifunga tu, akaondoka kula. Ndiyo maana Jumatano alikwepa macho, akasingizia plagi. Kwani nani atakagua mambo ya ndugu, anasema. Dada na kaka, gari moja.

Gari si moja. Moja langu, moja lake.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa mama. Nilidhani naenda kumpa habari.

Mama alikuwa anakunja nguo. Nikamweleza kuanzia boksi mpaka namba. Hakushtuka. Aliendelea kukunja, akalinganisha pindo na pindo. 

Alijua! Alijua tangu Februari. Amesema nilikuwa na homa, wangenisumbuaje. Amesema walikusudia kuniambia nikipona, siku zikapita. Kisha hili: "Wewe hakuna kilichokushinda tangu utoto. Kikiharibika chako utajua la kufanya. Yeye je?"

Kumbe hivyo ndivyo nilivyokuwa nikigawiwa. Kila siku. Anayeweza apewe kibovu, ataweza.

Akaniomba karatasi iandikwe nozeli zimechakaa tu. Nikamuuliza, mama, na namba? Akasema nani anasoma namba.

Nimetoka bila chai.

Jumapili, 9 Machi

Saa sita mchana nimemwandikia Kitinda. Nimenakili hapa asije akasema sikusema: "Leo kabla ya saa kumi jioni. Nozeli zangu mbili zije karakana kwa fundi wa pampu, na uje mwenyewe utie sahihi kwamba ulizitoa bila mimi kujua. Ndiyo au hapana."

Amejibu: "Dada, sisi watoto wa mama mmoja."

Nimemwandikia hilo si jibu.

Amejibu: kesho asubuhi watoto wa shule nitawabeba mgongoni?

 Nimewafikiria wale ishirini na wawili. Nimemfikiria pia yule wa siku tano, keshachomwa tena. Nikamwandikia: ndiyo au hapana.

Kimya tangu saa nane.

Naandika nikiwa karakana. Mama wa miwani amefungua Jumapili kwa ajili yangu. Zile mbili mbovu ameshazitoa, ziko juu ya kitambaa. Injini ina matundu mawili ameyaziba kwa karatasi. Anasema akizipata kabla ya saa kumi, kufunga na kupima upya ni saa mbili, karatasi ataiandika leo leo. Zikichelewa, ana safari. Ameshaandika mstari wa kwanza: kosa. Mstari wa pili, limetoka wapi, ni mweupe.

Saa tisa na dakika hamsini na nne. Geti linagongwa.

Ni mama. Peke yake, viatu vimejaa vumbi, anahema. Sikumwamkia — Mungu anisamehe. Mkononi ana ufunguo wa gari la Kitinda. Amesema gari liko nje ya nyumba yake, twende tukalichukue sasa hivi, amelala.

Amelala!

Nimemuuliza kabla hajakaa, na sijaugusa huo ufunguo: mama, amekupa, au umeuchukua? Anatazama saa ya ukutani. Nimemwambia zimebaki dakika sita, nijibu neno moja tu, amekupa au umeuchukua; kama umeuchukua siugusi, nisije nikafanya alichofanya Kitinda.