Kifungo Juu ya Mtutu

3 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini goti limepoa na masikio hayajazidi kuziba. Mimi mzima, ila mwili una madoa ya buluu kila mahali. Hayaumi sana. Kinachouma ni kazi yenyewe.

Nasikia ulimwambia shangazi kwamba binti yako sasa ni askari. Siyo askari, baba! Huu ni uwanja wa michezo. Watu wanavaa barakoa ngumu za kukinga uso, wanafyatuliana vidonge vya rangi kwa bunduki za hewa, wanacheka, wanaenda kuoga. Mimi nafundisha wageni jinsi ya kuzishika na kuzifyatua.

Sasa shida iko hapa. Niko kwenye majaribio ya miezi mitatu, na mkuu wa uwanja ameniwekea mtihani tarehe 28. Nifyatue vidonge ishirini haraka haraka, vidole viwili vikipokezana kwenye kifyatulio, shabaha ni pipa kuukuu. Kumi na tano vilipige pipa, na kisipasuke hata kimoja ndani ya mtutu. Mimi vinanipasukia kila mara. Kidonge kina ngozi nyembamba, kikibanwa tu kinamwagika, mtutu unajaa uji wa rangi, na vinavyofuata vinakwenda vinakojua vyenyewe. Tumebadilisha bunduki mara tatu. Mwenzangu wa kazini anaishika ileile, haina neno. Kwa hiyo tatizo ni mimi, na sijui nakosea wapi.

Tulikubaliana kwamba nikishindwa narudi nyumbani, nikae nawe, nifanye kazi masjala. Ahadi ni deni. Lakini baba, naipenda kazi hii. Wewe umepiga chapa miaka thelathini na moja, vidole unavijua. Huna neno la kunisaidia?

Ni mimi, kitinda mimba wako.


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, halipandi wala halishuki. Simu usihangaike kupiga, mlio nausikia ila maneno siyapati.

Shangazi yako nimemsahihisha. Sasa anawaambia watu unapaka rangi majumba.

Habari njema ni kwamba nafasi pale masjala bado ipo. Mkuu wa pale nilimfundisha chapa mimi, hawezi kunikatalia. Chumba chako nimekipaka chokaa upya na kitanda nimekikaza misumari. Tangu mama yako atutoke, nyumba hii ina vyumba vingi kuliko watu.

Kuhusu hizo bunduki, mimi mzee wa mafaili nitajua nini? Riziki haivutwi kwa kamba. Kula vizuri.

Baba yako.


29 Machi

Baba, shikamoo.

Nimeangukia pua. Kidonge cha nne kilipasuka, cha saba kikapasuka, baada ya hapo nikaacha kuhesabu. Pipa lilipata vidonge tisa. Halafu, kana kwamba haitoshi, nilipogeuka kumwambia mkuu samahani, kidole kilikuwa bado kimelala kwenye kifyatulio. Ikafyatuka. Kiatu cha mkuu kikawa cha njano. Mwenzangu aliuma mdomo asicheke, akashindwa.

Mkuu hakugomba. Afadhali angegomba! Aliniambia, "Mgeni anaiga mwalimu wake. Wewe wakikuiga nitafunga uwanja." Amenipa nafasi ya pili na ya mwisho, tarehe 19 Aprili. Sioni tofauti itakayokuwepo. Nakosea kilekile kila siku, na nikiongeza bidii ndiyo nakosea zaidi.

Nililia kidogo chooni, nikanawa uso, nikarudi kusafisha barakoa. Mwambie huyo wa masjala asubiri. Nguo nimeanza kuzikunja.

Kitinda mimba wako.


6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Nina la kukiri. Kosa lako nililijua tangu barua ya kwanza, kabla sijafika chini ya ukurasa. Nikanyamaza kwa sababu nilikutaka nyumbani. Sina namna ya kulipamba. Nilipofika pale ulipolia chooni, niliona haya mbele ya mashine yangu ya chapa.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka tisa, nikikufundisha kupiga chapa? Ulikuwa unapiga herufi ya pili kabla nyundo ya ile ya kwanza, kile chuma kinachogonga karatasi, haijarudi mahali pake. Nyundo zinakumbatiana katikati, unalia, unasema mashine mbovu. Mashine ilikuwa nzima. Ulikuwa na haraka ya kupiga, subira ya kuachia huna. Mpaka leo. Kidole kikishavuta, acha kifyatulio kirudi chote, mpaka mwisho, ndipo kidole cha pili kivute. Ukikirudisha nusu, nadhani na kidonge kinaingia nusu, ndipo kinapokatwa. Muulize mwenzako. Vidole vyake si bora kuliko vyako, ila yeye anajua kuachia.

Pili, usivute kwa mkono mzima. Nilikuwa nakuwekea kifungo nyuma ya kiganja, nakwambia piga na kisidondoke. Nimetia kifungo ndani ya bahasha hii. Toa vidonge vyote, hakikisha bunduki ni tupu, weka kifungo juu ya mtutu, kisha vuta. Kikidondoka, jua mkono umeingilia kazi ya kidole. Rudia mpaka kitulie.

Na kile kiatu cha mkuu, lawama ni yangu. Mpiga chapa akisubiri neno linalofuata, vidole anavilaza juu ya vitufe. Ndivyo nilivyokuzoesha, nawe umekwenda na tabia hiyo kwenye bunduki. Iache. Mpaka uwe umelenga, kidole kikae nje, kimenyooka ubavuni. Hapo ndipo chapa na bunduki zinapoachana.

Chumba kipo, lakini usije kwa sababu mimi nilinyamaza.

Baba yako.


20 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako ilifika siku sita kabla ya mtihani. Siku ya kwanza sikugusa bunduki, nilikasirika mno. Baba yangu mzazi! Mkuu, mtu baki, nimempaka rangi kiatu na bado akanipa nafasi ya pili, wewe unaninyima maneno mawili!

Siku ya pili nikaweka kifungo. Kilidondoka mpaka mwenzangu akachoka kuniokotea. Nikawa navuta taratibu, nasema kwa sauti "vuta, achia, vuta, achia" kama kichaa. Siku ya nne kikatulia. Nikatia vidonge, nikaenda polepole, kisha haraka. Mtutu ukabaki mkavu.

Jana vidonge ishirini vilitoka vyote. Kumi na saba vikapiga pipa. Mkuu alichungulia ndani ya mtutu, akapitisha kitambaa, kikatoka cheupe. Akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia ni baba yangu, mpiga chapa. Alicheka, akadhani natania. Kazi nimepata, baba.

Hasira imekwisha, karibu yote. Najua ulichokitoa ulipoandika ile barua. Ulikuwa umeshanipata, na ukaniachia. Nikifikiria hivyo machozi yananitoka tena, na safari hii si chooni.

Kifungo nimekitambua. Ni cha koti lako la kazini, lile la kahawia. Nikitume kwa posta?

Kitinda mimba wako.


28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na hongera sana. Masjala nimewaambia wampe mwingine. Shangazi yako anatangaza mtaa mzima kwamba wewe ni mwalimu, na safari hii sikumsahihisha.

Hasira iliyobaki ni haki yako. Ilete, nitaisikiliza kwa sikio la kulia, ndilo lenye nafuu.

Kifungo usikitume. Fundi cherehani wa jirani aliniletea kingine kinachofanana nacho kabisa, nikamrudishia. Koti linaachia kifuani na asubuhi kuna baridi, lakini nalivaa hivyohivyo. Sindano na uzi nimeviweka juu ya meza, chumbani kwako. Ukipata likizo, njoo ukishone mwenyewe.

Baba yako.