Barua Anayoisubiri Baba Mdogo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepungua uvimbe, na ile dawa ya kupaka unaitumia mwenyewe badala ya kumgawia jirani. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu sana. Mjukuu wako ameota jino la pili na anamng'ata kila anayembeba, tabia ambayo mkweo anadai ameirithi kwangu. Sikumbishia.

Wiki iliyopita ulinipigia simu mara tatu sikupokea. Usidhani nimevimba kichwa. Wewe ukisikia sauti yangu tu unajua nina jambo, na hili nilitaka kulieleza lote bila kukatizwa.

Kazi yangu unaijua, kuwaandikia watu ambao hawajalipa faini za mahakama ya jiji. Miaka yote tumewatumia barua ileile ya kurasa mbili, imejaa "kwa mujibu wa" na "bila kuathiri kifungu", mtu anasinzia kabla hajafika kwenye deni. Mwaka huu tuliletewa mtaalamu, mama mmoja mpole, akatuambia kwamba wengi wa wadaiwa si wakaidi. Hawajaelewa, au wamesahau, au wanaona aibu kwa kuchelewa. Akatutungia barua ya mistari sita: unadaiwa kiasi gani, mwisho lini, ulipe dirisha lipi, na kwamba wengi wa mtaa wako wameshalipa. Jina kwenye bahasha tunaliandika kwa mkono, kwa kalamu ya bluu. Mkuu wetu alicheka, akauliza tangu lini mdaiwa akabembelezwa kama bibi harusi. Basi watu walikuja, mama. Foleni ilifika kwenye ngazi, na wengine waliomba radhi kabla ya kutoa hela.

Ili kupima, mtaalamu alitaka nusu ya watu wapate barua mpya na nusu waendelee na ile ya zamani. Faili linaloishia namba shufwa linapata mpya, la namba witiri linapata ya zamani. Kugawa nilipewa mimi, kwa sababu eti sina upendeleo.

Siku ya pili ya kugawa nikashika faili la Baba Mdogo. Ndiye yeye, mdogo wake marehemu baba. Alijenga vyumba sita vya kupangisha nyuma ya nyumba yetu bila kibali, akapigwa faini, akaipuuza, na faini ikawa inaongezeka kila mwaka. Akipewa barua ya mwisho asilipe ndani ya siku sitini, nyumba inapigwa mnada.

Nyumba yetu, mama. Nasema yetu kwa sababu baba aliijenga kwa mikono yake, na wewe ulimchotea maji ya kuchanganyia saruji ukiwa na mimba yangu. Wewe umesamehe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, nakumbuka hata rangi ya shati lake. Baba hajamaliza siku arobaini tangu azikwe, yeye akaja na fundi, wakang'oa mlango kwenye bawaba ili tuhame, huku sufuria yako iko jikoni inachemka. Ulimwomba godoro likae barazani mpaka mvua ikatike. Alikuwa anachokonoa meno. Akasema baraza ni sehemu ya nyumba. Mwaka jana alipougua ukampelekea uji, na mimi sikula siku nzima kwa hasira.

Faili lake linaishia na nne. Kwa haki, alitakiwa kupata barua mpya. Nililitoa kwenye rundo la shufwa nikalichomeka katikati ya witiri, akatumiwa zile kurasa mbili za zamani kama barua yake ya mwisho. Nilikwenda kunywa chai na niliiona tamu.

Lakini hilo silo ninalotaka kukuungamia.

Wiki tatu baadaye alikuja ofisini mwenyewe. Amezeeka, suruali imemlegea, anatembea kwa kushika ukuta. Alisimama dirishani kwangu asinitambue, na miwani hii na miaka hii yote. Akaniita binti yangu. Akasema barua ameisoma mara nne na haelewi kama anatakiwa kulipa au shauri limekwisha, na kwamba kama ni kulipa, hela amekuja nazo. Alizitoa kweli, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, zimetimia, akaziweka mbele yangu. Nilichotakiwa kufanya ni kugonga muhuri.

Nikausukuma mfuko ukarudi upande wake. Nikamwambia, kwa ile sauti ya upole tuliyofundishwa na mtaalamu, kwamba bado, mzee, arudi nyumbani asubiri barua nyingine, itakuwa fupi na itamweleza kila kitu. Akanishukuru. Akaniombea nipate watoto wenye heshima.

Mama, hakuna barua nyingine.

Siku sitini zimekwisha. Mnada ni Alhamisi saa nne asubuhi, na leo ninapoandika ni Jumatatu. Mkuu wangu akijua nitafukuzwa, pengine na kushtakiwa, na hilo nimelipima nikaona naliweza. Kila nikipita dirishani pangu naiona ile hela mezani na roho inaniambia nimwite. Kisha nakumbuka godoro.

Barua hii nitaitia posta Ijumaa. Nakufahamu, ungeisoma kabla ya mnada ungekwenda kwake kwa miguu kumwambia alipe, naye angelipa, angebaki ndani, na mimi ningekuchukia. Sitaki kukuchukia. Kwa hiyo unapofika hapa usihangaike kutafuta viatu. Tayari wanabadilisha kitasa.

Msalimie mdogo wangu na wote wanaoniulizia. Kula vizuri, na ukinikasirikia nipigie, safari hii nitapokea.

Ni mimi,
Binti yako mkubwa