Uzi Wako Mwekundu Umefika Mkwaja

Dada Mwanaidi, shikamoo!

Jua la huku unaweza kukaangia samaki, na uzi wako huu ulioubuni umenitia balaani. Kwenye zahanati yetu huko Usagara tunaufunga mkononi mwa wajawazito wenye presha ili wahudumiwe kwanza. Nimekuja kuwafundisha wauguzi wa Mkwaja, wanakijiji wameuona, wakasema ni hirizi! Jana foleni ilifika barabarani. Bibi mmoja akanikazia macho: "Mimba yangu ya mwisho sasa ni babu, lakini nami nifunge, mwanangu."

Wajawazito wenyewe wakapotelea katikati ya watu. Basi nikatangaza: hafungwi mtu bila kupimwa, na asiye na presha haupati. Wakapimwa wote, hata wauza dagaa waliokuwa wanapita. Bibi hakuwa na presha. Akanuna, kisha akauliza, "Na wewe mfungaji, nani kakupima?"

Nikapimwa.

Usicheke, dada. Mkono huu unaokuandikia una uzi, kaufunga bibi mwenyewe, tena kwa mafundo mawili.

Nibusie wanao. Nikirudi nipikie pweza wako wa nazi, ila chumvi ifiche.

Mdogo wako,
Zuhura